Sarafu Kabla ya Maji

Tuliachana nikiwa mlangoni kwa Padri Anselmo, nimemshika mkono Mzee Crispín kama mtu aliyeokota dhahabu njiani, natabasamu mwenyewe. Waliolikosa gazeti wiki iliyopita niwakumbushe upesi, kwa sababu leo nina mengi na yote machungu.

Mimi ni Obdulia, mfuma lesi wa San Telmo, kusini mwa kisiwa cha Puerto Rico. Mchumba wangu ni Evaristo, mshona matandiko ya farasi. Jumapili ya kwanza ndoa yetu ilitangazwa kanisani bila neno. Jumapili ya pili, padri alipouliza kama yupo anayejua kizuizi, bibi kizee Doña Práxedes Ballesteros aligonga sakafu kwa mkongojo, akasema bila hata kusimama:

"Hawa ni damu moja. Huyo binti ni mtoto wa Ignacio wetu."

Marehemu Don Ignacio alikuwa mjomba wake Evaristo, kaka wa mama yake. Kama bibi huyo alisema kweli, basi mimi na mchumba wangu ni mtu na binamu yake, na ndoa hakuna.

Wapo mlioniandikia kunicheka. Mnasema kwenu binamu ndiye wa kwanza kuposwa. Hongereni. Kwetu ukitaka kuoa binamu lazima askofu wa San Juan atoe ruhusa, na askofu hatoi ruhusa mkuu wa ukoo akikataa. Mkuu wa ukoo wa Ballesteros ni Don Aurelio, mwenye shamba la miwa, kaka yake huyo huyo Ignacio. Tangu dada yao alipotoroka na kuolewa na fundi mweusi, Don Aurelio hajawahi kumwita Evaristo kwa jina. Humwita "yule wa matandiko."

Vitabu vya ubatizo tusivitaje. Kimbunga kiliezua paa la kanisa la zamani na kurasa zote zikawa uji. Ukoo wa mtu pale San Telmo ulikuwa midomoni mwa wazee, basi nikaenda kuwatafuta wazee.

Nililelewa nikijua kwamba mama yangu ni Nicolasa, mwanamke huru aliyefariki akinizaa, mdogo wake Mama Toribia, mkunga aliyenilea. Baba yangu niliambiwa ni baharia aliyepita na kupita zake. Nilitaka mtu mmoja tu wa kuapa kwamba mimi si Ballesteros. Nikampata Mzee Crispín, aliyeendesha mikokoteni ya shamba lile maisha yake yote.

"Baba yako namjua," aliniambia, "na si Ignacio."

Sikuuliza la pili. Nilimburuta mpaka kwa padri kabla hajamaliza kahawa yake.

Laiti ningemwacha amalize ile kahawa.

*

Don Aurelio alikuwa ndani tayari. Padri alimwita aje kusikia habari za ukoo wake. Alikuwa amesimama dirishani, kofia mkononi, anatazama bustani kama mtu anayekadiria bei ya kila ua.

Mzee Crispín aligusa msalaba, akaapa.

"Baba yake huyu mtoto ni nani?" akauliza padri.

"Tomás, Padri. Yule seremala wa magurudumu. Alikufa kwa homa."

"Una hakika?"

"Kila mtu pale shambani alijua. Tomás alikuwa haondoki jikoni."

Nilimtazama Don Aurelio kwa dharau tamu. Umesikia? Mimi si wenu. Nilishaanza kufikiria gauni.

"Jikoni kwa nani?" akauliza padri.

"Kwa Belén, Padri. Mama yake huyu."

Nikacheka. "Mzee wangu, umechanganya. Mama yangu anaitwa Nicolasa."

"Nicolasa hakuwahi kuzaa, mwanangu," alisema Mzee Crispín kwa upole. "Mama yako ni Belén mpishi. Alikufa akikuzaa. Nilisaidia kubeba jeneza, namsahau vipi?"

Don Aurelio akageuka kutoka dirishani. Akavuta kiti, akakaa karibu na yule mzee, akamwekea mkono begani kama rafiki.

"Mzee Crispín, huyo Belén aliwahi kuachwa huru?"

"Hapana, Don Aurelio. Alikufa akiwa wa baba yako."

"Asante. Hilo tu."

Mzee Crispín alitutazama mmoja mmoja, kisha nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

Sheria hiyo hata mtoto wa kwetu anaijua. Mtoto wa mtumwa ni mtumwa, baba awe nani awe nani. Nilikuwa nimetoka nyumbani asubuhi nikiwa mwanamke huru mwenye wateja wake, nikatembea kwa miguu yangu kumchukua shahidi, nikamleta mimi mwenyewe aje anifunge. Kujipalia makaa kwa namna hiyo sijaona tena.

"Miaka yote nimekuwa nikilipia lesi zako, Obdulia," alisema Don Aurelio, akivaa kofia. "Kumbe nilikuwa nanunua mali yangu mwenyewe. Tutazungumza kuhusu hizo fedha."

"Mimi si mali ya mtu!"

"Padri, nafuata kilicho changu. Vidole vyake vinajulikana mpaka mji wa Mayagüez."

Padri Anselmo alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa na miguu mizito. Akasema jambo la mama yangu na ukoo wangu litaamuliwa Jumapili kanisani, kabla ya tangazo la tatu, na mkuu wa mji atafuata neno litakalotoka pale. Hadi siku hiyo nikae kwa Mama Toribia.

"Akae," alisema Don Aurelio. "Ila asitoke mjini."

*

Nilipofika nyumbani nilimkuta msimamizi wake wa shamba ameshatangulia. Jitu la miraba minne, kofia ya majani, limekaa kwenye kigoda chetu karibu na lango, linatafuna muwa.

"Endelea na shughuli zako, binti," akasema. "Mimi nipo tu."

Nikaingia, nikafunga mlango kwa kishindo. Mama Toribia alikuwa anasonga funche, ugali wetu wa mahindi. Aliponiona akaacha mwiko.

"Mama mkubwa," nikasema, "Belén ni nani?"

Akakaa chini pale pale penye jivu.

"Umenilea kwa uongo!"

"Nimekulea."

"Kwa uongo!"

"Na kwa funche, na kwa samaki wa chumvi, na kwa mgongo huu! Ulitaka nikulee kwa nini, Obdulia? Kwa ukweli? Ukweli ungekuweka kwenye miwa ukiwa na miaka sita."

Tukalia wote wawili, kila mtu upande wake, tumekasirikiana. Baadaye akajifuta kwa aproni.

"Nicolasa nilimbuni mimi. Yaani, ndugu yangu alikuwepo kweli, lakini hakukuzaa. Ignacio, aliyekukinga na ndugu zake, alipokufa niliogopa. Nikasema, watu wakizoea kwamba wewe ni wa Nicolasa, hakuna atakayekumbuka Belén."

"Na mengine? Ile habari ya kibuyu?"

"Hiyo ni kweli yote," akasema, na hata katika machozi yale nikaona kiburi chake cha siku zote. "Ulitoka wa bluu, hupumui. Nikachota maji kwa kibuyu hiki hiki, nikakubatiza kwa mkono wangu ili usiende ahera bila jina. Maji yalipogusa kichwa, ukapiga kelele."

Habari hiyo nilikuwa nimeisikia mara nyingi kuliko sala. Aliwahadithia wateja, majirani, hata wauza kuku. Na si mimi peke yangu. Mama Toribia alimwagia maji kila mtoto aliyezaliwa akiwa njia panda ya kufa. Wengine walipona. Wengi hawakupona, na mama zao walipokutana naye sokoni walimbusu mkono, kwa sababu aliwapeleka watoto wao mbinguni.

"Sasa nifanye nini, Mama mkubwa?"

"Nenda kwa Doña Práxedes."

"Yule mchawi aliyenivunjia ndoa?"

"Huyo huyo. Siku ulipopelekwa kanisani mimi niliitwa milimani, kulikuwa na mtu ana uchungu. Aliyekubeba ni yeye. Yeye ndiye mama yako wa ubatizo, Obdulia. Kilichotokea pale anakijua yeye."

Nje, jitu lilibisha kuuliza kama funche imeiva.

*

Nilikwenda kwa Doña Práxedes mchana kweupe, msimamizi nyuma yangu hatua kwa hatua. Wanawake niliowafumia mashela walifunga madirisha nilipopita. Wiki moja tu kabla yake walikuwa wananiita mwali.

Bibi alinipokea kitandani, amevaa kofia ya usiku, mdomo hauna jino lakini una makali yake yote.

"Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kuuliza, Doña Práxedes."

"Kaa. Na huyo ng'ombe abaki nje." Msimamizi akabaki nje. "Mjinga wewe. Nilikurushia kamba, wewe ukaenda kutafuta kisu cha kuikatia."

"Kamba gani? Ulinivunjia ndoa mbele ya mji mzima!"

"Ndoa! Nilijua Aurelio ameanza kuulizauliza habari za Belén. Nikasema mbele ya watu wote kwamba wewe ni wa Ignacio, ili aone haya kumdai mtoto wa ndugu yake kuwa mtumwa. Ungenyamaza, ungekosa mume tu. Waume wapo. Sasa umemleta Crispín na mdomo wake."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimshukuru. Sikumshukuru. Nilimwonea hasira zaidi kwa sababu alisema kweli.

"Niambie siku ya ubatizo," nikasema.

Akafumba macho. "Nilikubeba mimi. Kaka yangu Melchor alisimama karibu na kisima cha ubatizo, maana ulikuwa mali yake. Ignacio akaja, akamshika baba yake mkono, akamwekea sarafu kiganjani. Melchor akafumba ngumi. Basi. Ulitoka kanisani huru."

Desturi hiyo ilikuwepo kweli, na watu wengi wa San Telmo walipata uhuru wao hivyo. Mtoto wa mtumwa akiletwa kubatizwa, mtu yeyote anaweza kumwekea mwenye mali sarafu za fidia kiganjani, ili mradi afanye hivyo kabla maji hayajagusa kichwa cha mtoto. Sarafu ikitangulia maji, mwenye mali hana ruhusa ya kukataa. Maji yakitangulia, amechelewa.

"Kwa hiyo mimi ni huru!" Nilimkumbatia, nikamgonga na kidevu. "Bibi yangu, sema hivyo Jumapili! Sema habari ya sarafu tu. Habari ya Ignacio kuwa baba yangu iache. Hata Crispín ameapa kwamba si yeye."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu padri ataniuliza Ignacio alisema nini alipoweka sarafu, na nitakuwa nimeshika msalaba. Alisema, 'Baba, namkomboa mwanangu.' Niliyasikia kwa masikio yangu."

"Labda alisema kwa huruma tu! Labda alitaka babake aone haya asikatae!"

"Labda. Amekwenda nalo kaburini. Lakini alisema, na mimi nilisikia. Siwezi kuapa nusu, Obdulia. Nina miaka themanini. Unataka niungue milele kwa ajili ya mshona matandiko?"

Nikainuka, nikatembea mpaka ukutani, nikarudi. Pande zote nne za chumba kile zilikuwa ukuta.

Nikikubali kwamba mimi ni wa Ignacio, niko huru, na Evaristo ni binamu yangu. Nikikataa, nitakuwa nimemwita bibi mwongo, na sarafu yake inakuwa uongo pia. Evaristo ananioa, lakini ananioa nikiwa mali ya mjomba wake.

"Kwa nini hukuniambia tangu zamani?" nikamuuliza.

"Ignacio aliniomba nisiseme. Halafu ulikuwa mtoto wa Nicolasa, unafuma lesi zako, una afya. Ningekuambia ili iweje?"

*

Evaristo nilimkuta kibandani kwake, anapiga msumari kwenye tandiko kwa nguvu isiyohitajika. Msimamizi aliegemea mlango. Evaristo akamwendea, akamfungia mlango usoni bila neno. Ndiyo maana nilimpenda.

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha uso wake ukang'aa, na mimi nikaogopa.

"Basi kataa!" akasema. "Sema wewe si wa Ignacio. Crispín amekwisha kuapa, tunaendelea na ndoa."

"Na mjomba wako?"

"Nitakununua."

Alisema hivyo akiwa amenishika mikono yote miwili. Alisema kwa mapenzi, wasomaji wangu, naapa. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Nitauza hizi zana zote, nitauza punda. Nitakununua leo, kesho nakuacha huru mbele ya mkuu wa mji."

"Na asipokubali kuuza?"

"Atakubali."

"Ndiye huyo huyo asiyeweza hata kukuita jina lako, Evaristo. Atakuuzia wewe?"

Akanibana mikono zaidi. "Hata asipouza, mtumwa anaruhusiwa kufunga ndoa. Tutaishi. Utakwenda kufuma kwake, jioni unarudi kwangu. Wapo wanaoishi hivyo."

"Na watoto?"

"Watoto watakuwa wetu."

"Watakuwa wa mjomba wako."

Aliniachia mikono. Tulisimama pale katikati ya harufu ya ngozi na gundi, na nikamwona mtu ninayempenda anatafuta jibu kila pembe ya kichwa chake, na halipo. Alikuwa bado analitafuta nilipofungua mlango na kutoka.

Jitu likanifuata. Njiani likaniambia, "Mimi mwenyewe mama yangu aliniwekea sarafu. Ningekuwa wewe, ningeachana na mume."

Hata mlinzi wangu alikuwa ameshanikatia shauri.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka barazani. Watu ambao Mungu hajawaona tangu Pasaka walikuja na watoto wao wa kubeba. Mama Toribia alikaa kando yangu benchi la mbele, amenishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Ng'ambo ya njia ya katikati alikaa Don Aurelio, amejitia manukato. Evaristo alisimama nyuma, kofia kifuani.

Mzee Crispín hakuja. Walisema anaumwa. Aibu nayo ni ugonjwa.

Doña Práxedes aliletwa amebebwa kwenye kiti. Akashika msalaba, akasema kila kitu: kisima, ngumi ya Melchor, sarafu, na maneno ya Ignacio. Sauti yake ilifika barazani. Alipomaliza watu walianza kunong'ona na padri akagonga meza.

"Obdulia," akasema, "unakubali ushahidi wa mama yako wa ubatizo, kwamba Ignacio Ballesteros alikutambua kuwa mwanawe na kukukomboa?"

Nilitaka kumwambia aniulize tena kesho. Niligeuka nyuma. Evaristo alikuwa anatikisa kichwa, polepole, kuniomba nikatae. Midomo yake ilisema jina langu.

Nilimpenda. Niliwaza chumba chetu, kile kitanda alichokuwa anakipiga randa mwenyewe. Halafu niliwaza mtoto mchanga amelala juu ya kitanda hicho, na jitu limekaa mlangoni kwenye kigoda, linatafuna muwa, linamsubiri akue.

"Nakubali," nikasema.

Nyuma yangu nikasikia kofia inaanguka sakafuni. Sikugeuka tena. Kama ningegeuka ningelikanusha neno langu pale pale.

"Basi ndoa haipo," alisema padri, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli. "Na huyu binti ni—"

"Padri." Don Aurelio alikuwa amesimama. "Samahani. Nina swali dogo kwa shangazi yangu."

"Uliza."

"Shangazi, Ignacio aliweka sarafu kabla ya maji?"

"Kabla!" Doña Práxedes alipiga mkongojo. "Unadhani nimeanza kusahau? Niliona kwa macho yangu. Sarafu kiganjani, baba yako akafumba ngumi, kisha padri wa siku hizo akaja—"

"Akafanya nini?"

"Akampaka mafuta."

"Na maji?"

Mkongojo ulibaki hewani. Nilimwona bibi yule anarudi nyuma miaka yote ile, anasimama tena penye kisima na mimi mikononi, anatazama vizuri.

"Jibu, shangazi. Umeshika msalaba."

"Hakumwaga maji," akasema, sauti imekwisha. "Alisema mtoto amekwisha kupata maji."

Don Aurelio akageukia mabenchi, akatandaza mikono kama mwenyeji anayekaribisha wageni.

"Nani humu ndani hajawahi kusikia habari ya kibuyu cha Toribia?"

Hakuna aliyeinua mkono. Walikuwa wameisikia wote. Kuku wa sokoni walikuwa wameisikia.

Maji hayamwagwi mara mbili. Kama Mama Toribia alinibatiza kwenye kibanda cha Belén, basi nilibatizwa nikiwa mtumwa, na ile sarafu ya Ignacio ilikuja baada ya maji. Baba yangu, kama ni baba yangu, alikuwa amechelewa. Nilikuwa nimemtoa Evaristo ili niununue uhuru, na sasa nimekosa vyote viwili kwa swali moja.

Mama Toribia alikuwa bado amenishika mkono.

Lakini Padri Anselmo hakuwa ameketi. Miguu yake mizito ilishuka ngazi za altare, ikaja mpaka mbele ya benchi letu, na akainama.

"Toribia," akasema, polepole kama mtu anayemsaidia kipofu kuvuka, "maji ya mkunga yanakuwa ubatizo kama yamemwagwa kichwani na maneno yote yamesemwa. Ulikuwa peke yako. Mama mtu anakufa, mtoto hapumui. Mtu katika hali hiyo anaweza kusahau maneno. Anaweza kuyakosea. Hakuna atakayekulaumu."

Don Aurelio akaanza kusema kitu. Padri akamwinulia kidole bila kumtazama.

"Kama ulikosea, basi Obdulia hajabatizwa mpaka leo, na ile sarafu bado imetangulia maji. Nitambatiza sasa hivi, mbele ya watu wote, akiwa huru. Niambie tu. Ulisema maneno yote kama ulivyofundishwa?"

Mlango ulifunguka, nikauona. Neno moja tu! Sema hapana, Mama mkubwa. Sema ulisahau. Nilimbana mkono kumwambia, nikamwona amenielewa, na kifua chake kikajaa pumzi ya kusema.

Ndipo benchi moja nyuma yetu likalia.

Aliyeinuka ni Florencia, mke wa mwokaji, aliyezaa mapacha mwaka wa kimbunga. Hawakumaliza usiku ule. Mama Toribia aliwamwagia maji kwa kibuyu kile kile, kwa maneno yale yale, akamkabidhi mama yao akiwa amewafunga vitambaa vyeupe na kumwambia asilie, malaika hawaliliwi. Kama maneno yangu yalikosewa, na yao yalikosewa, na mbingu hawakuiona. Pembeni yake akainuka mwingine. Ng'ambo ya njia wawili. Mmoja baada ya mwingine waliinuka wanawake wa San Telmo, wale wanaombusu mkono sokoni, rozari zimening'inia vidoleni, na hakuna aliyekuwa ananitazama mimi.

"Mama Toribia," akasema Florencia, kwa adabu kabisa, kama anayeuliza njia. "Wanangu wako wapi?"

Mama Toribia akaniachia mkono.